Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyeninyima Turbo Kubwa

Mwl. Ndila Musyimi,
Naibu wa Mwalimu Mkuu,
Kasikeu.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Magari, Mtaa wa Stesheni,
Sultan Hamud.

Mheshimiwa Mzee Mwangangi,

MINTARAFU: FUNDI GITHAIGA KUKATAA KUNIFUNGIA TURBO KUBWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepoa tangu tulipoonana kwenye mchango wa paa la kanisa. Ninakuandikia wewe kwa sababu ndiwe mwenyekiti wa mafundi wote wa Mtaa wa Stesheni, na kwa sababu Fundi Githaiga mwenyewe aliniambia kwamba nikitaka kumshtaki nianze kwako. Alinipa hata nambari yako ya simu, akanitajia saa ambazo huwa huna kazi nyingi. Jambo hilo nalo liliniudhi, lakini sikulitia kwenye orodha.

Kwa faida ya wanakamati wasionifahamu, mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka ishirini na saba na ninaongoza kwaya ya kanisa letu. Ninaishi hapa Sultan Hamud na mume wangu Kyule, na shule yangu iko Kasikeu. Kila siku ya kazi huenda na kurudi kwa gari langu, Subaru ya buluu yenye tundu juu ya boneti. Nilimuuzia daktari mmoja shamba dogo, naye akahamia ng'ambo na kuniachia gari hilo kama sehemu ya malipo. Watu walidhani nitaliuza. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza ni kijana wa nani aliyeegesha gari lake kwangu. Nikamwambia ni langu. Akacheka kwa heshima, akaniuliza tena.

Gari hilo ninalipenda, Mwenyekiti. Sitaficha. Ninapokanyaga mafuta na kuisikia turbo ikivuta pumzi, husahau kwamba nina daftari sitini na mbili za insha kwenye kiti cha nyuma.

Turbo, kwa mwanakamati ambaye kazi yake ni baiskeli, ni kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi. Hewa ikizidi, na mafuta yakiongezwa, nguvu nazo huzidi. Hilo tu ndilo nililolitaka. Sasa nieleze kilichonifanya nilitake.

Mwezi wa Machi nilikuwa nikirudi kutoka mkutano wa walimu Machakos. Niliandamana na Madamu Beth Wanjiro, anayefundisha gredi ya nne shuleni kwetu. Kwenye mwinuko wa kabla ya Salama tulilikuta lori la saruji likipanda polepole. Mbele kulikuwa kweupe. Niliingiza gia ya tatu, nikatoka, nikakanyaga. Gari lilikwenda vizuri mpaka tulipofika ubavuni mwa lori, kisha likatoa sauti kama mtu anayepuliza chai ya moto, nguvu zikaisha. Nilikanyaga hadi chini kabisa. Tulibaki pale pale, sambamba na magurudumu ya lori, na basi likatokea juu ya mlima likiwa limewasha taa. Beth hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayesoma rejista, "Ndila, kuna basi."

Dereva wa lori alishika breki. Nikaingia mbele yake, na basi likapita. Mtu huyo simjui hata kwa sura, ila niliuona mkono wake dirishani ukiniambia niende taratibu. Tulisimama Salama, tukanunua chai, hatukuinywa. Tangu siku hiyo Beth husema kwamba ndani ya gari langu yeye huomba macho yakiwa wazi.

Niliamua palepale kwamba gari langu linahitaji nguvu zaidi. Nilimpigia simu mdogo wangu Kivuva, anayeishi Kitui mjini na kununua mbuzi Tseikuru, naye ana gari la aina hiyohiyo. Aliniambia, "Dada, hiyo turbo yako ni ya kwendea kanisani. Weka kubwa kama yangu. Lori utakuwa unaliona kwa kioo tu." Yake alifungiwa Nairobi, na husema gari lake lina nguvu za farasi karibu mia nne. Kwa hiyo nilikwenda kwa Fundi Githaiga kwa nia njema, picha ya turbo kubwa ikiwa kwenye simu yangu. Niliyoyapata huko ni haya yafuatayo.

1. Alinihoji kabla hata ya kufungua boneti. "Mwalimu, hii gari unaenda nayo wapi?" Nikamwambia. "Kila siku?" Kila siku. "Na unabeba nini?" Nikamwambia ninabeba vitabu, Madamu Beth, mitungi miwili ya maji siku za Alhamisi, na waimbaji wanne wa sauti ya pili siku za Jumamosi. Aliandika yote kwenye kipande cha boksi. Nilimuuliza kama yeye ni fundi au karani wa sensa. Akasema, "Mimi ni fundi, lakini sijui dawa bila kujua mgonjwa analala wapi."

Kisha alinipa kazi ya nyumbani. Alitaka kwa wiki moja niandike kila mahali nilipohisi nguvu hazitoshi, na ni mara ngapi nilikanyaga mafuta hadi chini. Mwenyekiti, mimi ndiye ninayewapa watu kazi ya nyumbani. Niliifanya kwa sababu siwezi kulala na kazi ambayo haijakamilika. Matokeo yake ni kwamba kwa siku tano nilikanyaga hadi chini mara mbili, na moja ya hizo mbili nilikuwa nikiwakimbia nyuki. Muda uliobaki nilikuwa nyuma ya punda wa maji, nyuma ya watoto wa shule, juu ya matuta, au nimesimama kabisa kwa sababu ilikuwa siku ya soko Kasikeu na ng'ombe wa mtu fulani hakuwa tayari kupisha. Githaiga alilisoma daftari langu lote. Akaniomba kalamu yangu nyekundu, akatia alama ya vema, akasema, "Sasa tunajua."

2. Alinieleza habari za turbo kubwa mpaka nikashindwa kuitamani kwa amani. Jirani na gereji yake kuna kisiagi cha unga. Alinipeleka pale wakati mashine inawashwa, akaniambia nisikilize. Ilinguruma, ikasitasita, ndipo jiwe likashika kasi. "Turbo kubwa ni hivyo," akasema. "Ikishashika, inasaga kweli. Lakini lazima ungoje ishike. Sasa wewe kwa barabara ya Kasikeu, kabla ishike umefika kwa tuta. Unakanyaga breki. Unaanza kungoja tena."

Hakuishia hapo. Alisema turbo kubwa itadai injekta kubwa, pampu nyingine ya mafuta, klachi ngumu ambayo mguu wangu utailaani kwenye foleni, na baadaye giaboksi. Nilimuuliza kuhusu ekzosi pana, lile bomba la moshi linalonguruma. Akasema itanipa nguvu kidogo na kelele nyingi, na kwamba nikipita nayo nje ya kanisa wakati wa maombi nitaitwa na wazee. Njia ya tatu, akasema, ni kuiacha turbo iliyopo na kuibadilishia kompyuta ya injini hesabu zake, ili turbo isukume hewa zaidi kidogo na mafuta yaende nayo sawa. "Hiyo kwa gari ya kila siku ndiyo ningechagua. Lakini siwezi kuongezea injini mgonjwa."

Aliliita gari langu mgonjwa mbele ya mwenye kisiagi na wateja wake wawili.

3. Alipata kasoro. Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Aliingiza moshi kwenye njia ya hewa kwa kimashine alichokitengeneza mwenyewe kwa mkebe wa rangi, tukainama wote wawili kuangalia. Moshi ulitokea chini ya bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye injini. Panya walikuwa wameliguguna upande ambao hauonekani. Gari likienda polepole ufa ulijifunga, na nikikanyaga kwa nguvu ulifunguka na hewa yote ikatoroka. Githaiga alijifuta mikono, akasema kwa upole, "Turbo yako inapuliza vizuri, Mwalimu. Ni vile inapulizia barabara."

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimekwenda kununua hewa huku yangu nikiwagawia watu wa Salama bure.

Alibadilisha bomba. Alitoa filta ya hewa, akaigonga chini, ukatoka udongo wa Kasikeu wa kutosha kupandia sukuma wiki. Akabadilisha plagi na oili. Kesho yake asubuhi gari lilipanda kile kilima cha kabla ya shule kama vile kimesawazishwa usiku. Nilifika mlinzi akiwa bado hajafungua lango. Nilikaa ndani ya gari nikitabasamu peke yangu, na nadhani mlinzi alinihurumia.

Lakini hebu tulipime jambo hili, Mwenyekiti. Mtu anakwenda dukani kununua sukari. Mwenye duka anafunga duka, anamfuata mteja hadi nyumbani, anamwonyesha kopo lililojaa sukari nyuma ya unga, kisha anaaga na kuondoka. Hiyo ni biashara gani? Mafundi wote wakifanya hivyo, watu wenye tamaa halali kama mimi tutapeleka wapi tamaa zetu?

4. Husema "hii gari". Nimemrekebisha mara nne.

5. Nilipomwambia kwamba hata hivyo bado ninataka nguvu zaidi, alisema, "Sawa, lakini kwanza tuone vile inasimama." Tulikwenda kwenye sehemu iliyonyooka ya barabara yetu, asubuhi ya Jumamosi ambapo hapakuwa na mtu. Aliweka debe tupu la oili kando ya njia, akaniambia nije kwa kasi ya themanini na nianze kufunga breki nikifika kwenye debe. Nilifanya hivyo. Gari liliposimama, Githaiga alikuja kwa miguu akihesabu hatua. Alihesabu hadi hamsini na tatu. Akaniuliza, "Na punda angekuwa hapa katikati?"

Nilimpa ufunguo. Alibadilisha breki za mbele na za nyuma na maji yake. Tairi alizibonyeza kwa kidole gumba, akaniambia zimekomaa, ni nzuri kwa kutazamwa tu. Akafunga nne mpya. Sasa ninasimama. Ninasimama vizuri kiasi kwamba Beth ameangusha bakuli lake la mahindi ya muthokoi mara mbili, na mara ya pili lilimwagika kwenye viatu vyangu. Hilo ningeliandika kama lalamiko la pekee, lakini Beth ameniomba nisilitaje jina lake mara nyingi.

6. Ameniharibia uhusiano na mdogo wangu, kwa kuutengeneza.

Mwishoni mwa Mei mama yetu alitimiza miaka themanini, na familia ilikubaliana kumfanyia ibada ya shukrani nyumbani Tseikuru. Kivuva aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba angetoka Kitui saa nne na kufika kabla chai haijamiminwa. Mimi niliondoka Sultan Hamud alfajiri nikapitia Wote. Ninakiri kwamba nilikuwa na mpango. Nilijua kwamba gari langu sasa liko sawa, na nilitaka Kivuva afike anikute nimeketi kitini, nimekunja nne, ninapuliza chai.

Nilipopita Kyuso kidogo nikaliona gari lake kando ya barabara, boneti wazi, mvuke ukipanda. Nilipunguza mwendo ili anione vizuri ninavyompita. Nilikuwa tayari nimeweka mkono kwenye honi. Lakini Kivuva hakuwa akilitazama gari lake wala barabara. Alikuwa ameketi juu ya jiwe na mwavuli wa mke wake, na magotini alikuwa amepakata keki ya mama. Sukari ya juu ilikuwa imeanza kutelemka na kuzishika herufi za jina lake. Alikuwa akijaribu kuzirudisha kwa kidole.

Nikasimama.

"Hujambo, dada," akasema.

"Sijambo. Ni nini?"

"Imechemka."

"Mara ya ngapi?"

Alifikiri kidogo. "Mwaka huu?"

Tuliiweka keki kiti cha mbele na kuifunga mkanda. Kivuva aliketi nyuma, katikati ya spika za kwaya, magoti yakiwa karibu na masikio. Jua la kule unalijua wewe mwenyewe. Mshale wa joto la injini yangu haukusogea kutoka katikati, kwa sababu Githaiga alikuwa amebadilisha kifuniko cha radieta bila hata kuniuliza kwanza. Niliutazama mshale huo njia nzima na sikupata sababu ya kumkasirikia, jambo ambalo pia lilinikasirisha.

Tulipoingia uani, Mwaitu, mama yetu, alitoka na mkongojo wake na kulizunguka gari. Akamshika Kivuva mkono alipokuwa akijinasua kutoka nyuma. Akasema, "Mwanangu, hili ndilo lile gari lako unalosimulia? Kumbe ni zuri hivi. Na umempa dada yako aendeshe." Kivuva alinitazama. Mimi nilimtazama. Ndugu zetu wote walikuwa wamesimama pale. Nilingoja aseme ukweli, na nadhani alitaka kuusema, lakini mama alikuwa amefurahi sana na alikuwa na miaka themanini. Nikasema, "Ndiyo, Mwaitu. Linakwenda vizuri sana."

Jioni, wakati wa kuosha vyombo, Kivuva alikuja akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe. Kwa miaka hamsini sijawahi kumwona akikausha kikombe. Baada ya kama vikombe sita akaniuliza, "Yule fundi wako anaitwa nani?"

Sasa gari la Kivuva limevutwa hadi Sultan Hamud. Limesimama kwenye gereji ya Githaiga, kwenye kile kivuli pekee, mahali ambapo gari langu lilikuwa likisimama. Kivuva mwenyewe huja kila Ijumaa kulitazama. Analala kwangu, anakula kwangu, na anamsaidia Kyule kutafuta kuku wasiorudi bandani. Tulikuwa tunaonana mara mbili kwa mwaka. Ninaomba kamati itambue ni nani aliyesababisha haya.

7. Aliuliza swali lisilohusu magari.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilimwendea kwa mara ya nne kuhusu turbo kubwa. Safari hii nilikuwa na hoja zangu nimeziandika. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha aliweka spana chini, akavuta tairi kuukuu akaikalia, akanionyesha nyingine nami nikakaa. Akaniuliza, "Mwalimu, ile siku ya Salama. Uliogopa?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Kyule aliniuliza kama gari limegongwa. Kivuva aliniuliza nilikuwa gia gani. Mchungaji alimshukuru Mungu na kuendelea na matangazo. Hata Beth na mimi hatukuwa tumelizungumza. Nilimwambia Githaiga ndiyo, niliogopa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na lile ambalo sikumwambia mtu. Tangu Machi sikuwa nimelipita gari lolote barabarani, hata baada ya bomba kubadilishwa. Nilipokwenda Tseikuru nilikaa nyuma ya basi moja saa nzima, na watu wa ndani ya lile basi walifikia kunipungia mkono. Wiki moja kabla nilikuwa nimefuata trekta lenye nyasi kutoka Kasikeu hadi hapa mjini, na nilipofika nyumbani nilimwambia Kyule kwamba nilikuwa nikiokoa mafuta.

Githaiga hakucheka. Alisema, "Hiyo hofu haiponi na turbo. Ungefunga kubwa ungekuwa unaogopa na farasi wengi zaidi."

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alikuja nyumbani na shati lake la kanisani. Aliketi kiti cha abiria, tukaingia barabara kuu kuelekea Emali. Alinifundisha kupita gari kama vile nilikuwa sijawahi. Kaa mbali nyuma ya lori ili uone. Ngoja. Shusha gia kabla ya kutoka, usishushe ukiwa nje. Hesabu unachokiona, usihesabu unachokitarajia. "Ukiona shaka, baki," akasema. "Lori haina haraka, na wewe hakuna mtu anakufukuza." Lori la kwanza nilibaki nyuma yake kilomita nne, na hakuniharakisha. Kisha barabara ikanyooka, nikashusha gia, nikatoka, na gari likaondoka kwa urahisi uliokuwa ndani yake siku zote. Nikarudi upande wangu. La pili vilevile. Nilipolipita la tatu nilijikuta ninacheka kwa sauti, peke yangu, kama mtu aliyepata habari njema. Githaiga aliangalia nje ya dirisha, akaniacha nicheke.

Mwenyekiti, nani alimpa ruhusa? Kazi ya fundi ni chuma na mafuta. Mambo ya moyo yana wenyewe, na mchungaji wetu analipwa kwa ajili hiyo. Leo fundi anauliza kama uliogopa, kesho atauliza unavyoelewana na mume wako, na tukifika mwaka ujao watu wa mji huu watakuwa wanapeleka magari yakiwa mazima ili wapate mahali pa kukaa.

Kutokana na hayo, ninaiomba kamati yako itoe amri zifuatazo. Kwanza, Fundi Githaiga anifungie turbo kubwa katika muda wa siku kumi na nne, pamoja na vikorokoro vyake vyote. Pili, akatazwe kabisa kuwauliza wateja wanakwenda wapi. Tatu, aweke bango kwenye lango lake lenye maandishi makubwa, akisema kwamba hapa huenda ukarudishiwa ulichokuwa nacho, ili mteja aingie akijua. Nne, nirudishiwe kivuli changu. Akishindwa na hata moja kati ya hayo, jina lake liondolewe kwenye daftari la chama.

Ninajua kwamba ninyi ni watu wa haki na mtalitazama jambo hili bila kumpendelea fundi kwa sababu tu ni mwema. Nisalimie mama watoto, na umwambie mbegu za pojo alizonipa zimeota zote. Wasalimie mafundi wa welding, wale wa rangi, na yule wa baiskeli. Wasalimie pia wajukuu, hasa yule anayesoma gredi ya sita, na umkumbushe insha yake ninayo na haina koma hata moja.

Ni mimi katika kutafuta haki na kasi,

Mwl. Ndila Musyimi

N.B. Leo ni Jumanne na bado sijaituma barua hii. Jana asubuhi nilimpelekea Githaiga nakala, kwani si vizuri kumshtaki mtu asiyejua ameshtakiwa kwa nini. Aliisoma yote akiwa amesimama, akarudia ukurasa wa tatu, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni. Akasema, "Sawa, Mwalimu. Gari ni yako na pesa ni yako. Lete Jumatano nifunge ile kubwa." Hakuwa amekasirika hata kidogo.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda. Niliendesha hadi shuleni nikiwa mshindi. Kipindi cha kwanza niliifikiria Jumatano kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Kipindi cha pili niliwapa watoto mazoezi, nikatoka nje kulitazama gari. Wakati wa chai nilimpigia simu nikamuuliza kama kuna jambo jingine dogo tunaloweza kufanya hiyo Jumatano badala yake. Akasema kuna lile la kompyuta, kwa turbo hiihii, kwamba injini sasa ni nzima na ni kazi ya nusu siku. Nikamuuliza ni farasi wangapi. "Kama thelathini hivi. Utawasikia." Nikamwambia hao thelathini wananitosha, na nisitajiwe tena hao wengine.

Nimeamua kuituma hivyo hivyo kwa sababu imeandikwa kwa mkono na ni ndefu, na sitaki kazi ipotee. Lakini tafadhali usiisome mbele ya kamati. Na ikiwa utakuwa umeshaisoma kabla ya kufika hapa chini, waambie imeandikwa na Ndila mwingine. Hapa Makueni akina Ndila tuko wengi.